Betri Asilimia Mia

Nasimulia haya nikiwa bado na hasira. Aibu nayo ipo, ila hasira ndiyo imekaa mbele, kwa hiyo mtanivumilia. Mimi ndiye yule mtu aliyesimama kule Nkoaranga kusoma wasifu wa marehemu shangazi yake, akamsahau mtoto wa marehemu. Tena si mtoto yeyote. Ni Elirehema, aliyemuuguza mama yake mpaka pumzi ya mwisho.

Mnajua wenyewe wasifu wa msibani kwetu. Hakuna anayejali marehemu alibatizwa lini, watu wanasubiri majina: watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, wakwe, wajukuu, na ukimruka mmoja, ukoo utakuitia kikao. Nililijua hilo, ndiyo maana niliandika kila jina kwa uangalifu wote niliofundishwa chuo kikuu. Kwenye laptopu.

Asubuhi, tukiwa bado nyumbani Kimandolu, mke wangu alisema, "Baba Neema, chapisha hiyo kitu." Nikamjibu kwamba siku hizi watu hawabebi makaratasi (sentensi hiyo hunirudishia kila tukikosana).

Kusema kweli laptopu ilikuwa na ugonjwa. Ikiwa kwenye umeme inachapa kazi, ukichomoa chaja inazima hapo hapo, na muda mfupi kabla ilikuwa imeandika betri asilimia mia. Mia! Nilihangaika nayo wiki nzima, nikatoa betri nikairudisha, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikauma, nikabadili mipangilio ya umeme ninayoielewa na mingine nisiyoielewa. Fundi mmoja mjini akasema betri ni nzima, tatizo chaja, nikanunua chaja. Nikachomoa kujaribu, ikabaki inawaka, nikashangilia peke yangu sebuleni. (Wakati huo sikuwa nimeipa kazi yoyote ya kufanya. Hata mimi nikiwa nimelala naonekana mzima.)

Msibani nikajihami hata hivyo. Nikaomba nafasi kwenye ekstensheni ya jenereta, ile ile ya spika, nikachomeka, nikaanza kusoma kwa sauti ya mhadhara. Nikamaliza utoto, nikamaliza ndoa, nikafika "Marehemu ameacha watoto wafuatao," na mwalimu wa kwaya, aliyekuwa anajiandaa kwa wimbo unaofuata, akainama, akachomoa chaja yangu, akachomeka kinanda.

Kioo kikawa cheusi.

"Mwalimu, umechomoa nini?" nikanong'ona, nikisahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni. Turubai zima likasikia.

"Samahani, mzee. Kwani hiyo haina betri?"

Nawauliza ninyi, ningemjibu nini? Ina betri! Asilimia mia! Chaja ikarudishwa, nikawasha, na laptopu ikaona huo ndio wakati wa kujisasisha, kiduara kinazunguka, maandishi yananiamuru nisizime kompyuta. Nani kaizima? Mzee wa kanisa akakohoa. Jeneza liko mbele yangu. Nikaamua kutaja kwa kichwa, nikaanza na kifungua mimba, nikashuka, nikaingia kwa wakwe na wajukuu, mambo yakaninyookea mpaka nikawaongeza na majirani, nikashusha pumzi.

Kisha sauti ikatoka benchi la wafiwa:

"Kaka, na mimi nilizaliwa na nani?"

Alikuwa Elirehema, khanga begani, macho mekundu. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajificha kwenye leso, wengine wakafuata, msibani! Yeye hakucheka. Nikalitaja jina lake kwa sauti kubwa mno, kama naita ng'ombe aliyevuka mto, na wakati huo huo laptopu ikalia mlio wake wa furaha, ikafungua ukurasa wangu, jina lake limekaa pale pale nilipoliweka. Pembeni: betri, asilimia mia.

Baada ya mazishi nilimwendea kumwomba radhi. Akanimiminia chai, akaniacha nieleze habari za chaja na betri mpaka maneno yakaniishia, wala hakunisaidia hata kwa kuitikia. Tangu siku hiyo nachapisha kila kitu. Nimechapisha hata wasifu wangu mwenyewe, kwa herufi kubwa, na Elirehema nimemwandika juu kabisa, kabla ya wanangu. Yeye ndiye aliyejitolea kuja kuusoma siku yangu ikifika, kwa hiyo juzi nikampelekea nakala.

Akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Ya nini, kaka? Nitakusomea kwa kichwa."