Chungu Kinachovuja

Kwa miaka sita mama aliwaambia wenzake kwamba mwanawe ni daktari asiyetibu mtu. Hakusema kwa ubaya. Yeye ni mfinyanzi, na kitu asichoweza kukigeuza mikononi hakimwingii akilini. Mimi nilitamani kimwingie walau mara moja.

Nilijaribu kumweleza utafiti wangu wa maabara. Kwenye utando wa seli za moyo kuna protini zenye tundu katikati. Chembe za chumvi zikipita humo ndipo moyo unapopiga. Protini hizo tunazigandisha ghafla kwenye barafu nyembamba mno, tunazipiga picha kwa hadubini ya elektroni, maelfu kwa maelfu, kila moja ina ukungu. Kompyuta inazipanga na kuziunganisha mpaka umbo linajitokeza. Mama akanisikiliza hadi mwisho.

"Na sisi tunagandisha samaki," akasema, "ila tunajua ni samaki."

Shule moja ya Ngonga iliponialika kuzungumza na wanafunzi, nikaona nafasi ndiyo hii. Nilimchorea mama protini yangu: vipande vinne vimeshikana kwa duara, tundu kutoka juu hadi chini. Nikamwomba anifinyangie, mimi nikaenda Mbeya kwa wiki moja.

Niliporudi nilikuta chungu kizuri kuliko mchoro wangu. Kilikuwa kimechomwa kikaiva, na shingoni kina nakshi nyeupe za mama. Nikakiinamia nichungulie. Giza.

"Mama, tundu liko wapi?"

"Ulikosea kuchora pale chini. Nimeliziba."

Hasira zilinipanda, nami sina sifa ya kuzimeza. Nikamwambia tundu ndiyo kazi yangu, nimelisomea miaka sita. Naye akawaka. Ufuko mzima wa ziwa letu unazijua nakshi zake, na tangu aolewe hakuna chungu chake kilichovuja; je, mimi nataka watu wamcheke uzeeni? Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa namwomba, nikaona aibu.

Nikasema basi, tuache. Mama akakilowesha chungu, akachukua msumari, akawa anausokota taratibu asubuhi nzima huku akinung'unika kwa Kikisi, lugha yetu ya nyumbani. Hakikupasuka.

Darasani alikaa nyuma kabisa, tayari kukana kama mtu angeuliza nani amekifinyanga. Nikamimina maji juu, yakachuruzika chini hadi kwenye viatu vyangu, wanafunzi wakacheka sana. Mmoja akauliza itakuwaje tundu likiziba.

"Moyo unaweza kusimama," nikasema. "Mtu anakufa."

Mama akajishika mdomo.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta sokoni, kile chungu amekiweka mbele ya vingine vyote. Mteja mmoja alikiinua, akapitisha kidole chini.

"Mama, hiki kinavuja."

"Kinavuja, ndiyo. Kisipovuja mtu anakufa," mama akamjibu, akakichukua na kukirudisha mahali pake. "Na hicho hakiuzwi. Ni kazi ya mwanangu."