Sampuli ya Arobaini na Saba

Maabara nzima walimwita Wembe, na halikuwa tusi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kukata vipande vya nyama ya mwili vilivyozamishwa kwenye nta, vyembamba hata mwanga unapita. Wanafunzi walipoharibu aliwacheka: "Mnakata mkate nyie?"

Asubuhi hiyo daktari mtafiti alimwekea orodha ya sampuli sita za kukatwa upya. Zilitoka kwa wanawake wazima wa afya, waliojitolea ili matiti yao yalinganishwe na ya wagonjwa wa saratani. Katika hizo sita, vinasaba ndani ya seli vilikuwa vimeanza kubadilika kimyakimya, mapema mno kwa mkono kugusa uvimbe au picha kuonyesha kitu.

Ya nne ilikuwa namba arobaini na saba. Wembe akaisoma tena. Majina hufichwa, ni kweli, lakini namba ile aliiandika mwenyewe kwa penseli siku mdogo wake alipolala kitandani kutolewa sampuli, akilalamika, "Dada, sindano gani hii, ya ng'ombe?"

Saratani ya matiti ndiyo iliyomchukua mama yao. Akakata, nta ikapasuka. Akakata tena, ikajikunja. Mwisho akaenda kumwambia daktari kwamba ile namba anaijua ni ya nani.

Daktari alimgombeza kwanza, maana utaratibu ni utaratibu. Kisha akavua miwani. "Bado si saratani, dada. Tumewahi. Kuna dawa ya kuzuia, na tutamchunguza kila miezi sita. Alisaini kwamba kikionekana kitu aambiwe. Mlete kesho, nimweleze mwenyewe."

Kesho yake mdogo mtu alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, akauliza maswali mawili tu. Walipofika kwenye korido ndipo akashusha pumzi.

"Nilidhani nakufa," akasema. "Afadhali wewe, sampuli yako ilitoka safi."

Wembe akatazama sakafu. Ni yeye aliyembembeleza aje kujitolea, akimwambia, "Mimi nimeshatoa, haiumi."

"Sikutoa," akasema. "Niliogopa. Mpaka sasa naogopa."

Mdogo wake alimkazia macho kwa hasira. Wembe alingoja matusi, na alistahili. Badala yake akashikwa kiwiko, akageuzwa mzimamzima, na hodi ikabishwa mlangoni kwa daktari.

"Daktari, samahani," mdogo wake akasema. "Kuna mwingine hapa."