Kabati Jeusi la Mama Mkwe

Juzi, kwa fundi seremala mmoja wa Mtoni, nilimkuta karani mmoja akizunguka huku na huku, hatulii. Mkewe, waliyekuja naye, alitaka kabati jeusi la marehemu mama mkwe wake, mamake karani, likwanguliwe, lirudi rangi ya mvule wenyewe.

"Taratibu, fundi! Mama alilipaka kwa mkono wake," karani alilalama.

Msasa ukaendelea kupita. Chini ya weusi likatokea kovu la moto, pana kama kiganja.

Karani akasimama.

"Niliangusha kibatari, mie, utotoni. Kabla baba hajarudi kutoka kazini, mama alishalipaka lote asijue."

Mkewe akamshika mkono. "Basi tuliache jeusi?"

"Hapana. Fundi, ling'arishe lote. Hilo kovu usiliguse."

Tangu juzi nalitazama kabati la mama yangu kwa wasiwasi. Nalo ni jeusi.