Jina la Mama Justus

Wacha niseme mapema ili usingoje muujiza: Madam Swabra alihamishwa. Januari ya 1997 alipewa barua, akapelekwa kaskazini, safari ya siku mbili kutoka kwa babake mgonjwa. Wanaosema alijitakia, wacha waseme. Mimi nilikuwa mpiga taipu wa shule ya sekondari ya Matuu alikofundisha, kila karatasi ilipitia mikononi mwangu, kwa hivyo najua.

Alikuwa binti wa Mzee Rashid, fundi cherehani wa mjini Machakos. Mwanamke mfupi wa buibui, sauti yake inasikika hadi jikoni. Alifundisha Kiswahili, na hakuvumilia wizi wa maneno. Ukimletea insha uliyoinakili kitabuni, hakuchapi. Anakurudishia na kukuambia kipande kidogo uchukue kwa amani, mradi useme umekitoa wapi. Ukitaka yote, nenda ukamwombe mwenyewe. Hata mazoezi aliyoniletea nichape yalikuwa na mstari chini: yametoka kitabu gani, ukurasa gani, nani aliandika. Nilimwona msumbufu tu, maana vidole vilivyouma vilikuwa vyangu.

Likizo ya Aprili mwaka uliotangulia, aliwatuma kidato cha tatu wakakusanye hadithi makwao. Waombe ruhusa kwanza, kisha waandike ni nani amesimulia. Mzee mmoja wa Kinanie alikataa yake isichapwe, na Madam akaitoa bila kinyongo. Lakini shule ilipofunguliwa, chini ya hadithi zilizobaki kumeandikwa nini? Ati Susu, yaani nyanya. Mama Laban. Mama Justus. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake hufungiwa kabatini. Mimi mwenyewe niliitwa Mama Mbinya kwa miaka kumi na sita, na Mbinya wangu alikuwa katika darasa hilo.

Madam akawarudishia madaftari yote. Akafika kwa Mbinya, aliyekuwa ameandika Mama Justus.

"Mama Justus aliitwa nani kabla Justus hajazaliwa?" akamwuliza. "Yeye ndiye aliyesimulia, na sifa mnampa mtoto."

Mbinya alikuja kwangu amenuna, nami nikapandwa na hasira. Nikaona huyu Madam anawafunza watoto utovu wa adabu, kuwauliza wazee majina yao kama askari anayetaka kipande, yaani kitambulisho. Halafu nikashtuka. Mama Justus ni jirani yetu kule Kivaa, amenisaidia kulea, amenizikia mume, na jina lake silijui! Niliona haya, sikufichi. Jumamosi nilifunga safari na Mbinya tukamwuliza. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akalitamka polepole: Syokau, binti Ndunda. Akasema hata yeye alikuwa hajalisikia siku nyingi.

Sasa, huyo Justus wake ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wetu. Hadithi zilipokuwa tayari kutolewa kama kitabu cha siku ya wazazi, alizipenda sana, na akatoa amri mbili. Jalada liseme kimeandikwa na Mwalimu Justus. Na yale majina ya chini yafutwe, yanajaza karatasi bure. Madam akaitwa ofisini. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa kwenye mashine yangu.

Mkuu alisema hadithi za kijiji hazina mwenyewe. Hata hiyo ya mwanamke aliyeficha mvua ndani ya kibuyu, yeye ameisikia tangu akinyonya.

"Kama hazina mwenyewe, Mwalimu," Madam akamjibu, "mbona zimepata mwandishi?"

Akamwekea ukurasa wa tisa mezani, jina la mamake likiwa pale chini. Nikadhani ataona aibu. Wapi! Alisema yeye ni mtoto wake, jina moja linawatosha wote wawili. Kisha akamaliza: majina yatoke, au Madam atoke, na barua ya kuomba ahamishwe, yeye mkuu ndiye atakayeiandika.

Shule nzima ilijua kwamba kila Ijumaa Madam huenda Machakos kumpikia babake na kumpeleka hospitali.  Hata hivyo akamjibu.

"Baba yangu amewashonea watu nguo maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kuuliza nani ameshona. Andika barua yako, Mwalimu. Majina hayatoki."

Alipotoka, mkuu alikuja kwangu, akanitupia mezani chupa ya dawa ya kufutia. "Mama Mbinya, paka hapo chini kote."

Nilikuwa na stensili kumi na tisa, zile karatasi za nta za kutolea nakala, na shule ndiyo iliyonilisha. Lakini hilo neno Mama Mbinya siku hiyo lilinichoma. Sikupaka hata moja. Jalada niliacha na jina lake alivyotaka, maana nilijua atatazama jalada tu, na kweli alitazama jalada tu. Chini ya ukurasa wa mwisho nikaongeza mstari wangu: Kimepigwa taipu na Mukai Ndolo. Kisha nikazungusha ile mashine ya stensili nakala mia mbili.

Siku ya wazazi mkuu aliketi mbele na wageni wa idara ya elimu, kitabu mapajani. Mamake alikuwa safu ya kwanza na leso mpya. Mbinya akaitwa asome ukurasa wa tisa. Alisoma vizuri, watu wakacheka pale mvua inapotoroka kibuyuni. Hadithi ikaisha, na hakuketi. Alitazama nyuma alikosimama Madam Swabra, kisha akasoma mstari wa chini kwa sauti ileile.

"Imesimuliwa na Syokau, binti Ndunda, wa Kivaa."

Mama Justus alidhani ameitwa. Akashika bega la jirani yake, akainuka taratibu, akarekebisha leso.

"Niko," akasema.

Akabaki amesimama hapo mbele ya watu wote, akingoja aambiwe alichoitiwa. Madam Swabra ndiye aliyeanza kupiga makofi, nami nikamfuata, na uwanja mzima ukafuata. Mwalimu Justus akakifungua kitabu chake kwa mara ya kwanza.