Spiriti Kwenye Santuri za Marehemu

Wifi yangu simpendi, na sioni sababu ya kuficha. Mume wangu alipofariki hapa Fordsburg, ugenini, wifi alitoka Tanga kuja kukaa nami eda, akaingia na mabegi yake na mdomo wake. Kila kitu changu kikawa kibaya: mchuzi mwepesi, mapazia yanaonyesha ndani, watoto wanamjibu Kiingereza.

Ila zaidi alizichukia santuri. Mume wangu alifundisha muziki chuoni Braamfontein, na Jumamosi alikuwa akirudi na sahani nyeusi, nzito, za zamani, zote za mwongoza okestra mmoja wa Kiingereza aliyekufa kabla hatujaoana. Simfonia moja inakula sahani kadhaa. Upande ukiisha anainuka, anageuza, anarudi kukaa karibu yangu. Ndoa yetu ilikuwa hivyo, kuinuka na kurudi.

"Kelele za Wazungu hizo," wifi akasema. "Ndugu yangu yuko kaburini, wewe umemwekea mafidla kabatini."

"Kabati ni langu," nikamjibu.

Eda yote sikupiga hata moja. Nilimvumilia kwa sababu nilijua siku ya kutoka nitaiweka simfonia aliyoipenda, nitageuza mwenyewe, nitalia nikitaka. Hicho ndicho nilichokingoja, si kanga mpya wala biriani ya wageni.

Siku ikafika. Natoka kuoga, nyumba nzima inanuka spiriti. Wifi yuko sakafuni na kitambaa, kazipangusa sahani zote, moja baada ya nyingine, kama anavyopangusa vioo kwao. Sahani za aina ile spiriti huziyeyusha. Nyuso za sahani zilikuwa zimefifia, na kitambaa kilikuwa cheusi tii. Nikaiweka ya kwanza kwenye mashine. Sindano ikakwaruza mpaka mwisho, muziki hamna. Nikajaribu nyingine, na nyingine.

"Roho mbaya wewe," nikamwambia. "Ulikuwa unaingoja siku hii."

Akakiweka kitambaa chini.

"Nilitaka ziwe safi, wifi. Kesho naondoka. Nilitaka leo nikae na wewe, nisikie alichokuwa anakipenda ndugu yangu."

Eish. Miezi yote ile tuko chumba kimoja, hakusema. Nilimwangalia nikiwa bado namchukia, na machozi yananitoka.

"Basi hutasikia," nikamwambia, "na mimi sitasikia tena."