Ndevu Nilizonyoa Subukia

Jumatatu alfajiri nilinyoa ndevu zote ili nionekane mtu mbele ya walimu. Nilikuwa nampeleka binti yangu Chebet, mtoto wa miaka saba asiyeona wala kusikia, akapimwe katika shule moja Nakuru kama anafundishika. Shule mbili zilishamkataa. Hii ndiyo ilikuwa imebaki.

Tulipokuwa tukipanda pikapu ya jirani, Chebet alinipapasa kidevu, akapiga yowe. Nikadhani anaogopa gari. Kutoka Subukia hadi mjini alinisukuma na kuniuma. Nilikasirika, nasema ukweli, nikamfokea kana kwamba angesikia.

Saa tatu, ofisini, alimwaga chai juu ya meza, kisha akajificha chini yake. Naibu wa mwalimu mkuu akafunga faili.

"Mzee, huyu ni ngumu. Afadhali akae tu home."

Mwalimu mmoja, Nafula, alikuwa ameketi sakafuni kando ya Chebet, kiganja wazi, akingoja kuguswa.

"Baba Chebet," akaniuliza, "huko nyumbani anakujuaje kama ni wewe?"

Nikagusa kidevu, na mkono ukakwama hapo. Masikini mwanangu! Tangu alfajiri alikuwa mikononi mwa mtu asiyemjua.

"Si ati hajui kitu," Nafula akamwambia mkubwa wake. "Anajua sana. Nipatie mpaka Friday. Asipotoa hata sign moja ya mkono, mzee amrudishe."

Akaniomba nimwache Chebet hapo shuleni, pamoja na koti langu lenye harufu ya ng'ombe.

Nilikaa siku nne nyumbani. Mama Chebet aliniuliza habari mara moja tu. Wembe niliutupa chooni.

Ijumaa, saa nne, nilimkuta Nafula ana alama za meno mkononi.

"Kila siku nampatia koti anuse, halafu napitisha mkono wake kwa kidevu yake mwenyewe," alisema. "Kama ameshika, sijui."

Naibu alisimama mlangoni na faili lake. Nikapiga magoti. Chebet akanipapasa, akafika kwenye vindevu vya siku nne. Akatulia. Kisha akarudisha mkono, akajipangusa kidevu chake mwenyewe, mara moja, halafu tena kwa nguvu.

"Anasema baba," Nafula alisema, machozi yakimtoka.

Naibu aliandika jina la Chebet kwenye rejista. Nami nilirudi Subukia peke yangu, nikilia bila aibu kando ya dereva.

Miaka saba nilisema mtoto wangu hana neno hata moja. Kumbe alikuwa nalo moja, nami nililinyoa kwa mkono wangu.