Lufingo Inapoacha Kuitika

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Tukuyu nimelowa hadi soksi. Nilikuwa natoka Singida, ambako mvua ni mgeni wa kusubiriwa, na hakuna aliyenionya kwamba Rungwe mtu hutembea na mwavuli hata jua likiwaka. Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA wa kampuni ya chai iliyoniajiri alinitazama nikichuruzika mlangoni, akanipa kitambaa cha kufutia kompyuta nijifute uso.

"Binti, mtandao wetu ni mzima au mgonjwa?"

"Sijui, mzee. Ndio kwanza naingia."

"Vizuri. Aliyekutangulia alisema ni mzima hata kabla hajakaa."

Mke wake alikuwa muuguzi, na nadhani ndiyo maana lugha yake yote ilikuwa ya wodini. Alinifundisha kwamba mtandao hupimwa mara mbili. Kwanza ni afya. Je, rauta, kile kifaa kinachoelekeza taarifa njia ya kupita, kiko hai? Swichi inayounganisha kompyuta za ofisi moja imepata joto kupita kiasi? Panya wametafuna kebo? Baada ya hapo ndipo unapima ufanisi, yaani kama huyo mzima anafanya kazi yoyote. "Kuna watu wana afya tele na wanashinda kijiweni," alisema. "Mitandao nayo iko hivyo." Kwa hiyo tukimaliza kusoma mashine tulikwenda kukaa na watumiaji, kumtazama karani akifanya kazi yake, na kuona anaposubiri na anapokunja uso.

Kipimo cha kwanza kabisa tulikiita salamu. Kompyuta ya Tukuyu inatuma ujumbe mdogo kwa kompyuta ya kituo cha mbali, ya huko inaitika, nawe unaona jibu limechelewa kiasi gani na kama kuna salamu zilizopotea njiani. Vijana wana jina lake la Kizungu. Sisi tulibaki na salamu, kwa sababu Rungwe hakuna asiyeelewa: ukimwambia mtu "ugonile", yaani umelalaje kwa Kinyakyusa, naye asikuitikie "ndaga", ama hajakusikia ama kuna jambo.

Nilianzia kituo cha Kyimo, nikavuta kebo hadi mikono ikawa na sugu. Nikarudishwa makao makuu Tukuyu kuwa fundi mwandamizi. Mzee wangu alipostaafu nilikalia kiti chake, pamoja na mto wake, ambao hakuwahi kurudi kuuchukua. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Asubuhi nikituma salamu na vituo vyote vikaitika kimoja baada ya kingine, nilikuwa nacheka peke yangu ofisini.

Kilichonitoa jasho ni Lufingo. Kituo hicho kilikuwa mlimani, na wakulima wa huko walileta majani mabichi yapimwe. Uzito uliingizwa kwenye kompyuta, ukarushwa hadi Tukuyu kwa antena ya sahani iliyofungwa ukutani, ikitazamana na mnara wetu mjini. Antena za aina hiyo zinapaswa kuonana uso kwa uso. Miezi kadhaa Lufingo iliitika vizuri, kisha ikaanza kusuasua, kisha ikapona yenyewe bila dawa. Nilibadilisha rauta. Nilibadilisha kebo. Nilibadilisha hata sahani. Ugonjwa ukaondoka na kurudi ulivyotaka.

Akaja Meneja Mkuu mpya kutoka Dar es Salaam, mtu wa haraka na suti zilizonyooka. Aliniita ofisini kwake.

"Mama, Lufingo inatuangusha. Ijumaa kuna kikao. Kama hakuna maelezo, napendekeza kifungwe. Wakulima wapeleke majani Kyimo."

"Majani mabichi yatasinyaa njiani, bosi. Na wengi wanabeba kichwani."

"Basi nenda kanitafutie maelezo."

Nilipanda Lufingo nikiwa na moyo mzito. Karani wa kituo alikuwa Mama Atupele, mwenyeji wa hapo hapo, mwanamke mrefu asiye na pupa, ambaye Kiswahili chake kilitembea kwa mwendo wa Kinyakyusa. Alijua nimefuata nini. Kituo kikifungwa, naye kazi imekwisha, na majirani zake wote wataanza kupanda na kushuka vilima na mizigo. Hata hivyo alinikaribisha chai kwanza.

Niliwasha kipimo, nikaacha kompyuta itume salamu mfululizo. Hali ilikuwa mbaya. Salamu moja inarudi, kadhaa zinapotea. Nilikagua kila kitu na kila kitu kilikuwa kizima. Mchana Mama Atupele akachukua panga.

"Huwezi kupima na njaa, mwanangu. Nikukatie ndizi."

Nikamsikia nje akikata. Baada ya kishindo cha mgomba kuanguka nikatupa jicho kwenye skrini. Salamu zilikuwa zinarudi. Zote, moja baada ya nyingine, kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona Lufingo.

"Mama Atupele, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu chako. Nimekata mkungu tu."

Nilitoka mbio. Mgomba ukishatoa mkungu uliokomaa, shina zima hukatwa ili machipukizi yapate nafasi, na pale uliposimama palikuwa na mwanya. Kupitia mwanya ule niliona, mbali kule chini, mnara wetu wa Tukuyu. Sahani yetu ilikuwa inatazama majani ya mgomba. Majani hayo yana maji mengi ndani, na kwetu yana maji juu pia karibu mwaka mzima, na mawimbi ya redio hayapendi maji. Mgomba ukikua, Lufingo inaugua. Mkungu ukikatwa, Lufingo inapona. Chipukizi likirefuka, tunarudi tulikotoka. Tulikuwa tumepita chini ya chanzo cha ugonjwa wetu miaka yote, maana Rungwe nani anautazama mgomba?

"Nani alipanda hapa?" niliuliza.

"Sote. Kituo kilipofunguliwa kila mkulima alileta chipukizi moja. Nyumba isiyo na migomba ni kambi tu. Tulitaka pawe nyumbani."

Nilimpigia Meneja Mkuu. Alisema neno moja: "Kateni." Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika, Mama Atupele akasikia, akainama kuisogelea.

"Mkubwa, pole na kazi. Uliokomaa nimeshaukata. Hii mingine ina mikungu michanga. Sisi mgomba wa hivyo hatukati. Ukitaka, njoo na panga lako."

Nikaingilia haraka, nikamwambia tusishushe migomba, tupandishe sahani. Akasema atakuja kujionea Alhamisi.

Habari zilipita Lufingo kwa kasi kuliko mtandao wowote niliowahi kujenga. Kesho yake wakulima walishuka na nguzo ya mkaratusi, mabegani, wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti zote nne. Tukachimba, tukasimamisha, tukaikaza kwa nyaya pande zote isiyumbe, na sahani ikakaa juu kabisa ya majani.

Alhamisi Meneja Mkuu alikuja mwenyewe. Mvua ilikuwa inamwagika. Nilimwambia atume salamu kwa mkono wake, akabonyeza, akasubiri, na Tukuyu ikaitika bila kupoteza hata moja. Alitazama skrini muda mrefu, kisha dirishani, kwenye migomba. Mama Atupele akamwekea sahani ya mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama hadi zikalainika. Aliongezwa mara mbili, na suti yake haikunyooka tena siku ile. Kwenye kikao Lufingo haikutajwa kabisa. Nililia kwa furaha njiani kuelekea nyumbani, na siyo siri.

Nilipostaafu, vijana wangu walinipa saa ya ukutani. Watu wa Lufingo walinipa chipukizi la mgomba, limefungwa kwenye majani makavu. Miaka yote nilikaa nyumba ya kampuni bila kupanda hata mmoja, kwa kuwa siku zote nilisema nitarudi Singida. Nililishika chipukizi lile sina pa kuliweka, na hapo nikajua kwamba sirudi.

Sasa nina kiwanja Kyimo. Vijana wa siku hizi wana programu zinazopima mtandao mzima wakiwa wamekaa, na nawafurahia. Nawaambia tu: kifaa kikisema hakijui, tokeni nje. Migomba yangu imezunguka nyumba yote, isipokuwa upande wa antena. Huko nilipima kwanza. Siku za soko Mama Atupele hupita barabarani na kikapu chake. Hanioni kwa majani, nami simwoni.

"Ugonile?" huita.

"Ndaga, Mama," naitika, naye anaingia.